Elfu Tatu na Mia Mbili za Kwenye Karatasi

Nyumba ya Wafanyakazi,
Ghorofa ya tatu, chumba namba 6.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo? Wifi yangu je, hajambo? Tumbo limefikia wapi, bado anatapika asubuhi au ameshaanza kukufokea? Mimi nikiwa na mimba ya mkubwa wangu, ulipofika mwezi wa sita nilianza kumchukia shemeji yako kwa namna anavyotafuna tu. Mwambie wifi avumilie, hupita. Na goti la Mama linaendeleaje? Aliniambia limepona, lakini Mama namjua, hata likikatika atasema limepona. Mtazame akipanda ngazi bila yeye kujua, ndipo utapata ukweli.

Mimi sijambo. Kifua kilinibana wiki mbili zilizopita kwa ajili ya vumbi la plasta, nikapewa dawa, sasa kinafunguka. Usimwambie Mama.

Ujumbe wako niliupata Jumanne, pamoja na picha ya barua ya ajira. Nimeisoma mara nne. Ni barua ile ile niliyotumiwa mimi, hata mstari mwekundu wa juu haujahama, kilichobadilika ni jina. Uliniuliza: "Dada, nije au nisije? Niambie neno moja tu, nitasaini." Mdogo wangu, neno moja sina. Ninayo mengi, na ya simu hayafai. Huko kwangu simu huwekwa sauti ya juu. Nikisema mimi anasikia Mama, anasikia shemeji yako, wanasikia wanangu pamoja na jirani aliyekuja kuazima pasi. Tena kwenye simu nimezoea kudanganya. Miezi kumi na tisa sasa, nikiishika tu, sauti yangu inajigeuza yenyewe na kuwa ya mtu aliyeshiba.

Kwa hiyo naandika. Barua hii nampelekea usiku huu nesi mmoja wa ghorofa ya kwanza, anasafiri keshokutwa kuja huko likizo, na ameniahidi atakukabidhi wewe mwenyewe. Uisome ukiwa peke yako.

Unakumbuka siku tuliyokaa mezani kwangu, mimi, wewe na shemeji yako, mkataba ukiwa katikati? Tulichukua zile elfu tatu na mia mbili tukazigeuza kuwa fedha ya nyumbani, shemeji yako akaandika jibu kwa kalamu nyekundu na kulizungushia duara. Mama akauliza, hizo ni za mwaka? Tukacheka. Za mwezi, Mama. Tukazidisha kwa kumi na mbili, kisha mara tatu kwa miaka yote ya mkataba, tukawa tunatazamana kama watu walioshinda bahati nasibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, katika hizi, ngapi zinamfikia mwenyewe? Sisi tumezoea mshahara wa bahasha, kilichomo ndicho chako. Mimi, mtu ninayepima pengo la jino kwa nusu milimita, hilo sikulipima.

Na Kicheko ndiye aliyekuwa akinipigia kila wiki kunishawishi. Bila shaka unamkumbuka, yule niliyesoma naye chuo, aliyekuwa akija kula kwetu na kuondoka na kilichobaki. Yeye alinitangulia huku. "Elfu tatu na mia mbili, mwenzangu, na nyumba wanakupa!" Ndivyo alivyokuwa akisema. Na kweli nyumba wanakupa. Hakuniambia tu kwamba wanakupa kwa mia sita na hamsini kila mwezi.

Kazi yenyewe unaijua, meno ya bandia ni yale yale popote. Karakana ina mabenchi ishirini na nane, kila mtu na taa yake na bomba la kufyonza vumbi. Madirisha ni makubwa lakini hayafunguki, wanasema hewa ya nje inaharibu vipimo. Mlango unafunguka kwa kadi, na kadi inaandika dakika uliyoingia na dakika uliyotoka, hata ukienda msalani. Mimi nimepewa kupanga meno ya juu kwenye nta. Asubuhi hadi jioni meno ya juu. Tangu nimefika sijamaliza seti nzima ya mtu mmoja, ya chini hupangwa benchi lingine na mtu ambaye hatuzungumzi. Wewe uliyezoea kumtia mgonjwa meno yake mwenyewe na kumwona akijitazama kwenye kioo, hilo litakuumiza kuliko unavyofikiri.

Sasa nikueleze habari ya tarehe ishirini na nane ya mwezi wangu wa kwanza. Nilipewa hati ya mshahara ndani ya bahasha, nikaenda kuifungulia kwenye ngazi ili nifurahi bila kuonekana. Chini kabisa kulikuwa na mia sita na hamsini. Macho yakanitoka pima. Nikajiambia, wamenipa hati ya mfagizi. Nikatazama jina, likawa langu.

Nikashuka mpaka dirisha la mishahara. Kuna dada pale mwenye kucha ndefu, si mtu mbaya.

"Samahani dada," nikamwambia, "nadhani mmekosea hesabu yangu."

"Hatujakosea."

"Mkataba unasema elfu tatu na mia mbili."

"Hizo ni kabla ya makato."

"Makato gani hayo yanayomla mtu mpaka mifupa?"

Hakucheka. Akaigeuza karatasi upande wangu na kuanza kushuka nayo kwa ukucha. Kodi ya mapato, elfu moja mia moja na ishirini. Hifadhi ya jamii, mia mbili na tisini. Bima ya afya, mia moja na thelathini. Hayo ni ya serikali. Halafu ya kampuni: nyumba, mia sita na hamsini, gari la wafanyakazi, sitini, marejesho ya gharama za kunileta, mia tatu. Nikamuuliza gharama gani, mbona tiketi mlinilipia? Akaniambia, "Tulikukopesha. Soma ukurasa wa tisa." Nikaenda kuusoma ukurasa wa tisa. Ndivyo ulivyo. Tiketi, viza, mtihani wa kutambuliwa, hata teksi iliyonipokea na ile chupa ya maji niliyopewa humo ndani, vyote jumla elfu kumi na mia nane, kwa miezi thelathini na sita. Na nyumba yenyewe ni chumba kimoja chenye vitanda viwili. Mwenzangu wa kitanda cha pili naye anakatwa mia sita na hamsini zake. Ukuta mmoja, dirisha moja, wapangaji kamili wawili.

Hata hivyo ile kodi ilikuwa kubwa kuliko inavyotakiwa, na hili ulishike sana. Nilikuwa sina namba ya mlipakodi. Bila namba, serikali haikujui, na kwa kuwa haikujui inakukata kwa kiwango cha juu cha dharura, bila ule unafuu ambao kila mfanyakazi hupewa kwenye sehemu ya kwanza ya mshahara wake. Na namba huipati bila uthibitisho wa makazi. Uthibitisho hutolewa na msimamizi wa nyumba, na msimamizi alikuwa likizo, aliporudi muhuri ukawa makao makuu, muhuri uliporudi fomu ikawa imebadilika. Miezi mitano nilikatwa hivyo. Nilikuwa nasubiri tu, nikidhani mwenye kujua kazi yake atanishughulikia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja tunamwita Babu Plasta, yeye huchanganya plasta na kumimina vipimo vya kinywa tangu kabla hujazaliwa. Siku moja aliniona nakula mkate mkavu benchini, akavuta hati yangu iliyokuwa imechomoza mfukoni, bila hata kuomba. "Wewe binti," akasema, "umekaa miezi mitano bila namba, unamsubiri nani?" Kesho yake tukatoka saa ya chakula, yeye na aproni yake yenye madoa meupe, mpaka ofisi ya kodi. Tukapanga foleni. Mama wa kaunta alichapa kwenye kompyuta, akachapa tena, akaniambia kwa upole: "Hela yako ipo, mama. Ila mfumo ulikuwa haukujui." Dakika ishirini, mdogo wangu. Miezi mitano ya njaa ilikuwa na dawa ya dakika ishirini, na karatasi ya makazi Babu Plasta mwenyewe ndiye aliyeitoa kwa msimamizi kwa makelele.

Nilirudishiwa elfu tatu na mia mbili. Ndiyo, hesabu iliangukia hapo hapo, kwenye mshahara wa mezani kwangu. Nikasema hatimaye nimeuona. Lakini sikuushika. Ile miezi mitano nilikuwa nachukua mkopo wa mshahara hapo kampuni ili nitume nyumbani, na marejesho ya kodi yalipotoka yakaenda moja kwa moja kuuziba huo mkopo. Nilibaki na hati tu.

Siku hizi kodi ni mia nne na themanini, ya haki, na ninaingiza mkononi elfu moja mia mbili na tisini. Nakuandikia tarakimu kamili kwa sababu nimechoka kuzizungusha. Katika hizo natoa chakula, simu, sabuni, na kinachobaki ndicho ninachotuma. Kodi yenyewe siilaumu. Dawa ya kifua sikulipia hata senti, na daktari alinisikiliza kama mtu. Ninachokilaumu, na ninajilaumu kwacho, ni kuziita hela zangu zile ambazo hazikuwa zangu.

Nilijaribu kuongeza. Kibali kinaniruhusu saa chache za nje kwa wiki, basi Jumamosi nakwenda kukunja mashuka kwenye dobi la hoteli. Mkataba ukasema mia nne. Zikaja mia mbili na hamsini. Safari hii sikupiga kelele, niliuliza tu. Yule mwenye dobi akanieleza kwamba unafuu wangu wa kodi uko kwenye kazi ya kwanza, hautembei na mimi, hivyo kazi ya pili inakatwa tangu senti ya kwanza. Nikamshukuru, nikarudi kwenye mashuka.

Utaniuliza, kwa nini basi hukurudi? Ukurasa wa kumi. Ukiondoka kabla ya miaka mitatu, unalipa gharama zilizobaki zote kwa mkupuo, pamoja na fidia ya mishahara miwili. Na fidia hawaihesabu kwa elfu moja mia mbili na tisini. Wanaihesabu kwa elfu tatu na mia mbili. Kulipwa nalipwa kwa zile za mkononi, kulipa nalipa kwa zile za kwenye karatasi. Kuhamia karakana nyingine siwezi pia, kibali kimeandikwa jina la hii. Kwa hiyo niko. Naamka, nagusisha kadi, napanga meno ya juu.

Na nyumbani nilikuwa nimeshajifungia mlango mwingine. Baada ya miezi ile ya mikopo, shemeji yako aliona hela zinafika, akaamini hesabu yake ya duara jekundu. Akawahamishia wanangu shule ya kulipia. Akaanza vyumba vitatu. Kila mwezi ananitumia picha ya ukuta, nami namwandikia hongera. Kuna ile picha yangu nimesimama na viatu vipya vya ngozi mliyoisifia sana. Viatu ni vya mwenzangu wa chumba, vilinibana mpaka kucha ikang'oka. Ningesema nini? Kila mwezi uliopita ulifanya ukweli uwe mgumu zaidi, maana sasa ningelazimika kueleza na ule uongo wa mwezi uliotangulia.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi, siku mbili baada ya ujumbe wako, meneja aliniita ofisini.

"Fundi, keti," akasema. "Nasikia huyu aliyeomba nafasi ni mdogo wako."

"Ndiyo, ni mdogo wangu."

"Kazi anaijua?"

"Nimemfundisha mimi."

"Vizuri sana. Sasa, unaufahamu utaratibu wetu wa mapendekezo?"

Nikasema siufahamu. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chai, kwamba mfanyakazi akimpendekeza fundi, fundi huyo akasaini na kumaliza miezi mitatu ya majaribio, basi aliyempendekeza anaweza kufunga mkataba wake mapema. Hakuna fidia. Gharama zilizobaki zinafutwa. "Mdogo wako akianza Novemba," akasema akihesabu kwa vidole, "Februari wewe uko nyumbani na watoto wako. Nilidhani unajua. Wewe mwenyewe uliletwa hivyo hivyo."

Akafungua faili langu ili anionyeshe fomu inavyojazwa. Mdogo wangu, mwandiko wa Kicheko naujua, tumenakiliana madaftari miaka mitatu. Herufi zake zimelala kama zimechoka. Jina langu, umri wangu, ujuzi wangu. Halafu kuna kisanduku cha mwisho, "Sababu za kumpendekeza," na humo ameandika: *Ana bidii. Ana watoto wawili wanaosoma. Hataondoka haraka.*

Nilibaki nimetazama hapo. Nikakumbuka alivyoondoka huku miezi mitatu baada ya mimi kufika, ametuaga kwamba mama yake mgonjwa, akanikumbatia kituoni akalia mpaka nikamfuta machozi kwa leso yangu. Mimi ndiye niliyekuwa namliwaza.

Meneja akanipa fomu tupu, akasema mwisho wa mwezi si mbali.

Yanayofuata ni ya kukiri, na naomba uyasome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Fomu ile niliijaza. Ijumaa nilipotoka kazini, mwenzangu akiwa chini anafua, niliketi kitandani nikaiweka juu ya trei ya chakula. Niliandika jina lako lote. Umri. Miaka uliyofanya kazi. Nikaeleza jinsi unavyochonga, kwamba mkono wako ni mwepesi kuliko wangu, na hilo ni kweli tupu. Nikafika kwenye kisanduku cha mwisho. Nikaandika: *Mke wake ni mjamzito.* Nikaweka nukta. Halafu nikaongeza: *Anadaiwa mkopo wa mashine.*

Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna aliyeniambia niandike nini. Nilijua kinachotakiwa, nikakiandika kwa mwandiko mzuri.

Sikuichana papo hapo, nisije nikajipamba. Niliikunja, Jumamosi nikaenda nayo dobi mfukoni. Siku nzima nilikuwa nakunja mashuka na mwenzangu, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili, tunasogeleana na kuachana, na kila nikiinama karatasi inalia mfukoni. Nilikuwa nahesabu. Februari. Mkubwa wangu atakuwa hajamaliza shule ya msingi. Mwanangu wa mwisho labda atakuwa bado ananuka nywele ile harufu yake. Na wewe, nilijiambia, ni mwanamume, una nguvu, utamudu, nitakutumia hata mimi hela nikiwa huko. Nitakutumia hela! Za kutoka wapi? Ndiyo nikajua akili imeshaanza kunidanganya kwa sauti ile ile ninayowadanganyia ninyi.

Leo asubuhi nikajikaza kisabuni, nikampigia shemeji yako. Nilimwambia aondoe sauti ya juu na atoke nje. Akatoka, nikasikia mlango. Nikamwambia yote bila kupumua: namba, nyumba, ukurasa wa tisa, wa kumi, mia sita na hamsini, mikopo, dobi. Nilipomaliza nilidhani simu imekatika.

"Upo?" nikauliza.

"Nipo." Akakohoa. "Na vile viatu?"

"Vya kuazima."

Nikajiandaa kutukanwa, na nilistahili. Unajua alivyojitapa kwa watu kwa ajili ya vile vyumba, unajua ukuta umefika kwenye lenta. Yeye akauliza, taratibu kabisa: "Unakula nini huko?"

Nililia mpaka mwenzangu akatoka chumbani kunipisha. Mwishowe shemeji yako akasema, "Basi. Ngoja nikawazuie mafundi wasije kesho," akakata. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Najua ana hasira, itamjia kidogo kidogo wiki hii akipita pale kwenye matofali. Ukimwona yuko kimya, mpitie, kaa naye.

Sasa kuhusu wewe. Sikuambii usije. Kuna watu huku wamekuja vizuri na wanaishi vizuri, na wote niliowauliza walikuwa wameuliza kwanza. Mwandikie yule meneja, kwa maandishi, na umwambie akupe mfano wa hati ya mshahara ya mtu mwenye mkataba kama wako, siyo mshahara wa jumla, ile tarakimu ya chini kabisa. Muulize kama nyumba ni lazima; nimesikia anayejitafutia mwenyewe anaweza kuikataa, ila ni lazima aseme kabla ya kusaini, baadaye hawakubali. Waambie unataka kipengele cha fidia kiondolewe, au angalau kihesabiwe kwa kile kinachoingia mkononi. Wakikataa utakuwa umejua. Uthibitisho wa makazi wakutumie ukiwa bado huko, uende ofisi ya kodi wiki ya kwanza, usimsubiri mtu. Na karakana yako, ukisema utaipangisha ili ilipe mkopo wa mashine, nenda kaulize ofisi ya kodi ya huko nyumbani kwanza. Babu Plasta ana nyumba ya urithi kwao anaipangisha, na mapato ya pango lile yanaulizwa na ofisi za kodi za pande zote mbili, kila mwaka anajaza makaratasi mpaka anatukana.

Halafu ukishaipata hiyo tarakimu ya chini, kaa na wifi, mgawe chakula, nauli, na dharura ya mtoto. Hicho kitakachobaki ukilinganishe na unachopata sasa hapo kwenye benchi lako, ukiwa unalala kwako. Msitumie kalamu nyekundu.

Nimekuwekea humu hati zangu mbili za mshahara, ya mwezi wa kwanza na ya mwezi uliopita. Na ile fomu nimeitia pia, ilivyo, na mwandiko wangu. Nimefanya hivyo ili isiwe chumbani mwangu kesho, maana kesho ni Jumatatu na mimi najijua. Meneja anaweza kunipa nyingine, hilo ni kweli. Lakini itabidi niiombe, nimtazame usoni, na kufikia hapo wewe utakuwa umeshasoma.

Mdogo wangu, nisingependa unione mwema kuliko nilivyo. Nimekuandikia kurasa hizi zote kukutahadharisha, na tangu nimeanza kuna sehemu ya moyo wangu inaomba usinisikilize. Usaini, uje, unitoe. Nikisikia umekataa nitasema alhamdulillahi kwa mdomo, halafu nitakwenda kuketi kwenye ngazi. Imebaki miezi kumi na saba. Basi ujue hivyo, ukinipigia simu kuniuliza mara ya pili uje au usije, usiniamini. Fuata barua hii, niliyoiandika leo mchana nikiwa na nguvu.

Nisalimie wifi, mwambie asiinue ndoo. Msalimie Mama, mkande goti hata akikataa. Wanangu wabusu kwenye paji la uso, mkubwa atajifanya hataki. Shemeji yako mwambie nitampigia Jumatano, na simu iwe hata ya sauti ya juu, sina tena cha kuficha. Mafundi wenzako wa pale karakana nawasalimu wote.

Mungu akujalie mtoto mwenye afya, akupe na macho ya kusoma yaliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Ni mimi nikupendaye, hata Ijumaa ile nilikupenda,

Dada yako.